Maji ya Kumwoshea Mama

Mama yangu alikuwa mwosha maiti. Nalisema mapema ili mtu asije akashtuka mbele. Kwetu Mkwiro, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, mwanamke akifariki mama ndiye aliyeitwa kwanza, kabla ya wachimba kaburi, naye huacha alichoshika, hata wali ukiwa jikoni, akajifunga leso, akachukua kata yake ya kifuu akaenda. Wenzangu walikuwa na mama wa vitumbua na mama wa kushona makuti. Mimi wangu ndiye huyo. Watoto waliiogopa mikono yake. Akiwapa muhogo wa kuchoma, wanaugeuzageuza kwanza kabla ya kuuma. Nilipigana nao sana kwa ajili hiyo, na mpaka leo sijuti.

Kwa kazi yake mama aliyajua maji. Kisiwa chetu hakina mto wala chemchemi. Visima vipo, lakini maji yake ni ya chumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo, na hata sabuni humo haitaki kutoa povu. Ya kunywa yalikuwa ya mvua, na ya mvua yalikaa jabiani. Jabia, kwa asiyelijua, ni birika kubwa lililochimbwa ardhini, na kando yake kuna sakafu pana ya saruji iliyoinamishwa kidogo. Mvua ikinyesha, maji huteremka sakafuni yakaingia kwenye tundu. Kabla ya masika kijiji kizima kilitoka na mafagio kuifagia ile sakafu, na lile tundu likazibwa kwa kizibo cha mti. Mvua ya kwanza iliachwa ioshe sakafu na kwenda zake. Mlinzi wa jabia alichomoa kizibo maji yalipokuwa meupe kabisa, wala hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata awe na kiu ya namna gani.

Jabia letu lilijengwa kwa harambee, miaka ile Uhuru ulipokuwa bado mpya na kila mtu akitaka kuonekana amebeba jiwe. Baba yangu alibeba mawe, akachoma chokaa, akalainisha sakafu kwa mikono yake. Mama alikuwa akinionyesha kona moja na kuniambia, "Hapa alipitisha mwiko baba yako, nami nikamletea uji." Mimi baba simkumbuki. Asubuhi moja, nami ningali nabebwa mgongoni, alitoka kwenda kutazama madema yake, mitego tu ya samaki, mahali anapopaona kutoka mlangoni kwake. Bahari ilikuwa shwari. Mtumbwi wake ulikutwa ukizungukazunguka karibu na mwamba, dema moja likiwa ndani na samaki wakiwa hai. Yeye hakuonekana, siku ile wala baadaye.

Mama hata kukaa eda alichelewa, maana wazee walibishana: mtu asiyeonekana amekufa lini? Wengine wakasema asubiri, wengine wakasema aanze. Alipokwisha kukaa na kutoka, alirudi kwenye kazi yake, akaosha wake za watu na mama za watu. Mumewe wa ndoa, ambaye sheria ilimruhusu amwoshe kwa mkono wake mwenyewe, hakumpata. Jambo hilo hakulisema, lakini alikuwa hali samaki wa upande ule wa mwamba. Tulinunua dagaa wa Shimoni, na watu wakatucheka, wavuvi tunaonunua dagaa.

Mashine ilikuja miaka ile watoto walipokuwa wakipewa maziwa ya pakiti shuleni. Nilikuwa nimekwisha olewa na nina binti mmoja mdogo, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli ya Diani, akija mwisho wa mwezi na kuondoka kabla sijamaliza kumlalamikia, kwa hiyo mimi na mtoto tulikaa kwa mama. Wageni fulani wafadhili walikuja na chifu, wakapima ufuo, wakajenga kibanda cha mabati, wakashusha injini ya dizeli na mabomba marefu meupe. Tukaambiwa tutakunywa bahari. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Siku ya kufungua, watu walijipanga mbele ya kibanda na bilauri za kukopa. Fundi alikuwa kijana wa bara aliyepitia Ukunda, mwenye ulimi wa huko na moyo mzuri. Akamwona mama, akajaza bilauri, akamnyooshea. "Mathe, hebu onja. Hii maji iko safi kuliko ya soda."

"Maji umeleta, salamu hukuleta," mama akamwambia.

Kijana akacheka, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nieleze. Yametokaje?"

Akamweleza, na alieleza vizuri. Pampu inavuta maji ya bahari, yanapita kwenye mchanga na kuacha takataka, kisha pampu nyingine yenye nguvu za shetani inayasukuma ndani ya yale mabomba marefu. Humo mna ngozi nyembamba zilizokunjwakunjwa, zenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Maji yanalazimishwa kupita, chumvi inabaki nje. Matamu yanatoka bomba hili, na makali yaliyobaki na chumvi yote yanarudi baharini kwa bomba lile.

Mama alisikiliza bilauri ikiwa mkononi. "Chumvi ukiitia majini huioni tena," alisema.

"Imeyeyuka, mama."

"Lakini imo."

"Imo, ndiyo."

"Na mtu je?"

Kijana akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Mtu gani, mama?"

"Mtu aliyelala humo miaka na miaka. Naye si amekwisha yeyuka? Hizo ngozi zako zinamzuia, au anapita?"

Waliokuwa karibu wakashusha bilauri zao. Karibu kila nyumba ya Mkwiro ina mtu wake humo. Fundi akanitazama mimi, nami nikatazama miguu yangu. Mwishowe akasema polepole, "Hapo, mama, sikufundishwa." Nilimheshimu kwa jibu hilo. Mama akaweka bilauri mezani bila kumwaga hata tone, akamshukuru, akamwombea dua, akaondoka.

Njiani aliniuliza bomba la kuvutia maji wamelizamisha wapi. Alijua. Alitaka niseme mimi. Lilikuwa pale pale kwenye ule mwamba ulipokutwa mtumbwi wa baba, kwa kuwa kina ni kizuri.

"Basi," alisema. "Nitasema naye mengi siku ya kiyama. Kumnywa, simnywi."

Mimi niliyanywa. Nisijifanye. Nilikuwa na mtoto mdogo, na maji ya bomba karibu na nyumba si kitu cha kukatalia. Yalikuwa mepesi mno, hayana ladha ya chokaa wala ya ndoo, na wanawake wengine walilalamika kwamba unakunywa na kiu iko pale pale. Walilalamika wakiwa kwenye foleni. Baada ya muda mfupi hakuna aliyekwenda jabiani ila vikongwe, halafu vikongwe nao wakachoka na ule mwendo, akabaki mama peke yake na ndoo yake ndogo.

Ndipo mambo yakaanza kunitia wasiwasi, ingawa kila moja ukilishika peke yake lilikuwa dogo. Mashine ilinguruma mchana kutwa, ikawa hata adhana unaisikia kwa kutega sikio. Pale bomba la maji makali lilipotapikia, majani ya ufuoni yaligeuka meupe yakafa, na kaa, ambao zamani walijaa pale kama wamealikwa, wakahama. Mlinzi wa jabia aliajiriwa kulinda mashine, akapewa koti na tochi, akatembea kama mkuu wa wilaya. Jabia likabaki bila mtu. Mbuzi wakagundua kwamba ile sakafu ina joto zuri la saruji, wakafanya ndiyo kitanda chao. Masika yalipokaribia, hakuna aliyeshika fagio. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba akiwakumbusha, nao wakamwambia, "Inshallah, bibi, inshallah," kwa ile sauti ya kumfukuza mtu kwa adabu. Akafagia peke yake, na mbuzi wakarudi jioni ile ile.

Masika yakawa manyonge. Vuli haikuja kabisa. Ndoo ya mama jabiani ilikuwa ikirudisha mwangwi, kamba ikahitaji kuongezwa kipande, kisha kipande kingine.

Na mama akaanza kukauka.

Sikuliona mara moja, na ndilo linaloniuma. Alikuwa mwembamba siku zote. Lakini midomo ilipasuka, ngozi ya mkono ukiibana ikabaki imesimama, na akisimama kutoka kwenye msala alishika ukuta. Kila nikimpa maji, ya jabiani, yale yale aliyoyateka mwenyewe, jibu lilikuwa moja: "Nimefunga." Jumatatu alifunga, Alhamisi alifunga, na baadaye nikaona kwamba Jumanne, Jumatano na hata Ijumaa zimekuwa Alhamisi.

"Mama," nikamwambia, "hata Ramadhani ina mwisho!"

"Nina deni la zamani na Mola wangu," akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Wakati wa kufuturu alikunywa funda moja, basi. Nikajiuliza: kila siku anarudi na ndoo, mimi na mtoto hatuyagusi maji yake, yeye hanywi, na ndoo asubuhi ni tupu. Maji yanakwenda wapi? Nilifikiri mabaya mengi. Nilifikiri hata kwamba amechanganyikiwa, anakwenda kuyamwaga baharini kwa ajili ya baba.

Nilipata jibu siku nilipokuwa nikifagia chumba chake. Fagio liligonga kitu chini ya kitanda. Nikainama nikavuta. Ulikuwa mtungi mkubwa, ule wa arusi yake, umefungwa mdomo kwa kitambaa cheupe na kamba ya ukindu. Nikafungua. Ulikuwa umejaa karibu pomoni, maji meupe, baridi, yananukia udongo. Kando yake palikuwa na sanda iliyokunjwa, kipande cha sabuni, kafuri, na majani makavu ya mkunazi ndani ya kikapu.

Nilipiga kelele. Sikupiga yowe la kilio, nilipiga kelele ya hasira, na mama akaja akikokota miguu, akasimama mlangoni.

"Hayo ni ya kunioshea," alisema, kana kwamba nimekuta akiba ya unga.

"Ya kukuoshea! Unakufa kwa kiu ili upate kuoshwa vizuri? Una akili wewe?"

Sijawahi kumwita mama yangu "wewe" kwa sauti ile, si kabla wala baada. Hakukasirika. Alikaa kitandani akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

"Wanawake wote wa kisiwa hiki nimewaosha kwa maji ya mvua," akasema. "Jabia linakwisha. Unaliona. Nikifa kesho, mtakwenda kunichotea wapi? Pale bombani. Bahari ilimchukua baba yako bila kuniuliza, sasa ije inimiminikie na mimi, mwili mzima, niko uchi, siwezi hata kusema hapana? Sitaki. Niahidi."

"Siahidi kitu! Kunywa maji!"

"Niahidi, nitakunywa."

Nilikuwa na hofu kiasi kwamba ningeahidi hata kuhamia mwezini. "Haya! Nitakuosha kwa mtungi huu, kwa mkono wangu. Umeridhika? Kunywa!" Akanywa nusu bilauri mbele yangu, polepole, kwa kunitii. Tangu siku ile nilimlazimisha kila siku, tukawa tunagombana juu ya bilauri kama mama na mtoto, na aliyekuwa mtoto sijui ni nani. Lakini mtungi ulikuwa pale chini. Nilipokuwa nikilala chumba cha pili nilijua uko pale. Niliuchukia kama mtu.

Kisha mashine ikanyamaza.

Bahari ilikuwa imechafuka kwa siku kadhaa, maji yamekuwa ya kahawia, na zile ngozi zikaziba. Fundi akazitoa, akazisuuza, akazirudisha. Zikaziba tena. Akatuambia kwa uso wa huzuni kwamba lazima aende Mombasa kutafuta nyingine, na huenda zisipatikane huko. Alivuka na mashua ya mwisho kabla upepo haujakaza. Ule ukimya baada ya injini kuzimika ulitisha kuliko kelele. Watu walitoka nje wakasimama milangoni, wakitazamana.

Wote tukarudi jabiani, tukakuta kiasi kidogo cha maji chini kabisa, cha kugawa kwa kata. Na hapo hapo, wallahi, ikanyesha. Mvua fupi, ya kupita, mchana kweupe. Watoto walicheza uchi, wanawake wakapiga vigelegele. Mama peke yake ndiye aliyekimbia, mtu asiyeweza kusimama bila kushika ukuta, alikimbia kuelekea jabiani akipiga ukelele, "Kizibo! Kizibo!"

Kizibo hakikuwapo. Hakuna aliyejua kiko wapi. Mlinzi alikuwa amekaa kando ya mashine iliyokufa, amevaa koti lake, akilinda. Tundu lilikuwa wazi, na mavi ya mbuzi ya mwaka mzima yaliteremka na maji ya mvua yakaingia ndani, mbele ya macho yake mama, naye amepiga magoti pale, anajaribu kuziba kwa leso yake.

Aliwaambia wasinywe. Wengine walisikia. Wengine walisema bibi ana kinyongo na kila maji. Ukiwa na kiu, maji yaliyotokea machoni pako hayawezi kuwa mabaya. Mimi binti yangu nilimkataza, nikamfunga ndani nikampa yaliyobaki kwenye dumu letu. Lakini mtoto wa kisiwani ana nyumba nyingi. Alitoroka akaenda kwa jirani kucheza, akapewa kikombe kama walivyopewa wa pale, kwa mapenzi matupu.

Alianza kuharisha alfajiri, na siyo yeye tu. Nesi wa zahanati alipita nyumba hadi nyumba. Akaamuru jabia likaushwe lote, wanaume wakalichota mpaka mwisho wakamwaga yale machafu, wakapaka chokaa kuta, tayari kwa mvua ambayo haikurudi. Pakiti za dawa za kuharisha aliwagawia waliomtangulia mtoto wangu, zikaisha. Kwangu alinieleza maji ya kuchemsha, sukari, na chumvi ya kubana kwa ncha za vidole, siyo zaidi. "Ya kisimani usimpe," alisema, "yana chumvi mno, yatammaliza." Nikamwuliza, sasa nimpe yapi? Akafumba macho. Naye alikuwa hajanywa.

Mashua yenye injini ilijaribu kuvuka kwenda Shimoni kuleta madumu, ikarudi imejaa maji nusu. Shimoni tunaiona. Tunaona hata moshi wa majiko yao. Dumu langu lilikuwa tupu, nimelikung'uta hata kifuniko. Kufika alasiri mtoto alikuwa amelegea mikononi mwangu, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Hilo ndilo lililonivunja, kile kilio kikavu. Nikambana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Niliijua ngozi ile. Nilikuwa nimeiona kwa mama.

Naye mama alikuwa amekaa mkekani mbele yangu, anatazama.

Nitasema nilichokuwa nacho moyoni. Nilikuwa nikiufikiria mtungi tangu asubuhi. Sikuwa na jambo jingine kichwani. Lakini niliahidi, na aliyeahidiwa amekaa pale, midomo imepasuka, akijinyima funda kwa funda mwaka mzima kwa ajili ya siku moja. Nikasema moyoni kwamba asiponipa nitaupasua mlango wa chumba chake. Kisha nikasema, ya Rabi, nisifike huko.

Sikufika. Mama aliinuka, akashika ukuta, akaingia chumbani. Nikasikia udongo ukikwaruza sakafu. Alikuwa akiuvuta mtungi mwenyewe, hakuniita, na ulipofika kizingitini akaifungua ile kamba ya ukindu kwa meno.

"Leta sufuria," akasema. "Umeganda nini? Leta sufuria, mwanangu."

Tulichemsha, tukapoza kwa kupepea, tukatia sukari na ile chumvi ya kubana. Alichota kwa kata yake, ile ile ya kazi. Mimi nikasita kuiona, naye akanikaripia: "Nimeiosha! Mshike kichwa." Tukampa mtoto kijiko baada ya kijiko. Akitapika tunasubiri, tunaanza tena. Akatuma majirani nao waambiwe, kila mwenye mtoto aje na kikombe. Waliingia wale wale waliomwambia inshallah, bibi, wakipokea kwa mikono miwili wala hawamtazami usoni. Mtungi ulikuwa ukishuka na mimi nikausikia unavyoshuka, kata ikigonga chini zaidi kila mara.

"Kunywa nawe, mama. Nakusihi."

"Huyu akikojoa."

"Mama!"

"Nimesema akikojoa."

Jua lilikuwa halijatua mtoto alipokojoa, kwenye leso ya mama, mapajani mwake. Basi mama yangu, mwosha wa kisiwa kizima, alipiga kigelegele kwa mkojo. Alicheka, akaipeleka leso ile puani kama waridi, akasema, "Haya, sasa nipe." Akanywa kikombe kimoja, ndicho kilichokuwamo.

Nilianza kulia. Nikamwambia, sasa ahadi yangu, mama, nitafanyaje?

Alikuwa akimpangusa mtoto, hakunitazama. "Siku yangu, niosheni kwa ya mashine," alisema. "Kwa maji ya baba yako. Amenisubiri muda mrefu, naye hakuwa mtu wa subira."

Bahari ilitulia, madumu yakavuka, na fundi akarudi na ngozi mpya akiwa amekonda kuliko sisi. Injini ikanguruma tena. Mama alikwenda mwenyewe pale kibandani, akamwambia yule kijana ajaze bilauri. Kijana akasema "Shikamoo" kabla ya kitu chochote. Mama akasema Bismillahi, akatia kinywani, akayakalisha muda mrefu kabla ya kumeza. Sote tulingoja.

"Baba yako alikuwa mtamu kuliko haya," akaniambia, na mimi mtu mzima mwenye mtoto niliona haya.

Alikunywa hayo mpaka mwisho, lakini mwisho haukuwa mbali. Hospitali ya Msambweni walisema figo zake zimeharibika kwa kukaa muda mrefu bila maji. Daktari aliniuliza kama kwetu kulikuwa na shida ya maji. Nikamtazama nikasema ndiyo. Kumweleza yote ningeanzia wapi? Tukamrudisha nyumbani, akawa anavimba miguu, anamchezea mjukuu wake kitandani, na mvua bado haijaja. Jabia lilikuwa jeupe na tupu siku alipofariki.

Nilimwosha mimi, na wanawake wawili aliowafundisha kazi. Tulijaza ndoo bombani, nikatia majani ya mkunazi kwenye ya kwanza, na kafuri kwenye ya mwisho. Kata ilikuwa yake. Nilimwinamia, nikaanza upande wa kulia kama alivyonifunza, na nilipomimina ya kwanza nikasema, "Baba, mkeo huyu hapa."

Mmoja wa wale wanawake akaniuliza nazungumza na nani. Nikamwambia ashike ndoo vizuri, anamwaga maji.